Rilei na Muda Wake: Nani Akate Umeme Kwanza, na Wengine Wasubiri Kwa Muda Gani

Tawi la mwembe likiangukia laini ya kilovolti 11 usiku wa mvua, mkondo wa hitilafu unapita njia ndefu kabla ya kufika hapo. Umetoka kwenye laini ya kilovolti 33, ukaingia kwenye transfoma ya kituo cha kupozea umeme, ukapita breka kuu ya transfoma, kisha breka ya laini yenyewe. Kila breka ina rilei inayolinda njia yake, yaani kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru breka ikate, na hitilafu ile moja inaonekana na rilei zote kwa wakati uleule. Zote zikikata, mji mzima unaingia gizani kwa sababu ya tawi moja. Zote zikisubiriana, nyaya zinayeyuka na transfoma inapata joto ambalo insuleshani yake haitalisahau.

Hapo ndipo lilipo swali la ulinzi wa mitandao ya usambazaji: nani akate kwanza, na wengine wasubiri kwa muda gani? Jibu lililotawala kwa vizazi kadhaa vya wahandisi ni kwamba muda wa kusubiri upungue kadiri mkondo unavyozidi. Hitilafu kubwa ikatwe upesi, ndogo ivumiliwe kidogo. Naliona ni jibu zuri, na bado linafaa kwa laini nyingi za Afrika Mashariki. Kinachoniudhi ni kwamba tunaliharibu wenyewe, kwa sababu namba zinazowekwa kwenye rilei hubaki palepale mtandao ukibadilika, au hubadilishwa usiku mmoja bila mtu kupiga hesabu.

Tuanze na njia rahisi zaidi, ili ionekane kwa nini haikutosha. Rilei inaweza kupewa muda usiobadilika: mkondo ukizidi kiwango fulani, hesabu nusu sekunde, kata. Chukua vituo vinne vilivyofuatana kwenye njia moja. Cha mwisho, kilicho mbali kabisa na chanzo, kipewe sekunde 0.2. Kinachokitangulia kipewe 0.6, kinachofuata 1.0, na kilicho karibu na chanzo 1.4. Mpangilio unafanya kazi, kwa maana kila breka inampa nafasi mwenzake wa mbele. Lakini tazama kilichotokea: hitilafu iliyo karibu na chanzo, ambayo ndiyo yenye mkondo mkubwa kuliko zote kwa kuwa hakuna urefu wa waya wa kuupunguza, ndiyo inayoachwa kuwaka kwa muda mrefu kuliko zote. Kadiri unavyoongeza vituo ndivyo hatari inavyorundikana mahali pabaya zaidi.

Fyuzi haikuwa na tatizo hili. Waya wake huyeyuka kwa joto, na joto linakua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukiongezeka maradufu muda wa kuyeyuka unashuka hadi karibu robo. Wahandisi walitaka rilei yenye tabia ya aina hiyo, ila inayoweza kurekebishwa na kutumika tena bila kubadilishwa kila mara. Waliipata ndani ya mita ya umeme. Galileo Ferraris alikuwa ameonyesha mjini Turin mwaka 1885 kwamba mikondo miwili iliyopishana awamu inaweza kuzungusha metali bila kuigusa, na Ottó Bláthy wa kampuni ya Ganz, Budapest, akaigeuza kanuni hiyo kuwa mita ya kisahani mwaka 1889. Rilei ya kisahani ni ndugu ya mita hiyo.

Ukifungua kasha lake unaona kila kitu kwa macho. Kuna kisahani chembamba cha alumini kinachozunguka kati ya ncha za sumaku-umeme inayolishwa na transfoma ya mkondo, ile ambayo mafundi huiita siti. Kuna sumaku ya kudumu inayokizuia kisahani kisikimbie hovyo, na kuna springi nyembamba inayokirudisha kinapoachwa. Mkondo ukipita kiwango kilichowekwa, nguvu ya sumaku inaishinda springi na kisahani kinaanza kusogea. Kinapofika mwisho wa safari yake, kidole kidogo cha chuma kinagusa kontakti, na breka inapokea amri ya kukata. Mkondo mkubwa unakisukuma kwa kasi zaidi, hivyo muda unapungua. Hakuna hesabu inayofanywa ndani yake. Safari yenyewe ya kisahani ndiyo muda.

Fundi ana vitu viwili vya kurekebisha. Cha kwanza ni plagi ya kuchomeka, inayochagua mkondo wa kuanzia, yaani seti, kwa kawaida kutoka asilimia 50 hadi 200 ya mkondo wa siti kwa hitilafu kati ya fezi na fezi. Cha pili ni kizidishi cha muda, gurudumu dogo lenye alama kutoka 0.1 hadi 1, linalosogeza mahali kisahani kinapoanzia. Kikianzia karibu na kontakti, safari ni fupi. Kuna jambo jingine linalofaa kuangaliwa kwa makini: kiini cha sumaku-umeme hushiba. Kufikia kiwango fulani, mkondo ukizidi haukisukumi tena kisahani kwa kasi zaidi, kwa hiyo muda unafika chini na kubaki hapo. Ndiyo maana rilei hizi zinatajwa kuwa na muda wa kinyume wenye kikomo cha chini.

Tabia hiyo ya chuma na springi ilipoandikwa kwa hesabu, ilizaa kanuni ambayo rilei za leo za kompyuta bado zinaifuata. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60255, ambacho sehemu yake ya 151 ya mwaka 2009 ndiyo inayohusu rilei za mkondo, kinasema muda ni kizidishi mara namba moja isiyobadilika, gawanya kwa mkondo uliopandishwa kwenye kipeo fulani kisha ukatolewa moja. Mkondo hapo unahesabiwa kwa mara: ni mara ngapi ya seti. Namba hiyo na kipeo ndivyo vinavyochora mpindo wa muda. Mpindo wa kawaida una namba 0.14 na kipeo 0.02. Mpindo mkali una 13.5 na kipeo 1. Mpindo mkali sana una 80 na kipeo 2, yaani mraba, ambao ndio unaofanana zaidi na fyuzi. Wamarekani wana kanuni yao katika IEEE C37.112, yenye namba nyingine, na fundi anayechanganya hizo mbili katika kituo kimoja anajitafutia matatizo.

Namba zenyewe zinasema mengi kuliko maelezo. Weka kizidishi kiwe 1. Mkondo ukiwa mara 2 ya seti, mpindo wa kawaida unasubiri sekunde 10, mkali sekunde 13.5, na mkali sana karibu sekunde 27. Mkondo ukifika mara 10, wa kawaida unasubiri karibu sekunde 3, mkali 1.5, na mkali sana sekunde 0.8. Ukifika mara 20, mkali sana unashuka hadi sekunde 0.2, ilhali wa kawaida bado uko kwenye 2.3. Mpindo mkali sana unavumilia mno mwanzoni na hauna huruma mwishoni.

Uchaguzi kati ya mipindo hii si wa kitabuni tu. Msomaji wa Mwanza, Mombasa au Mbale anajua hali hii: umeme umekatika tangu mchana, unarudi saa moja usiku, unakaa muda mfupi, unakatika tena. Mara nyingi hakuna hitilafu mpya. Friji zote za mtaa, pampu zote, feni zote na mashine za kusaga zilizoachwa zikiwa zimewashwa zinaanza kwa pamoja, na transfoma za mtaani nazo zinavuta mkondo wa kujijaza sumaku. Kwa sekunde kadhaa laini inabeba mzigo unaoweza kuwa mara mbili ya ule wa kawaida. Rilei haijui kwamba hizo ni friji. Inaona mkondo umepita seti.

Sasa tupige hesabu. Laini ya kilovolti 11 ina seti ya ampea 200. Ukiipa mpindo wa kawaida wenye kizidishi 0.1, hitilafu ya ampea 4,000 karibu na kituo, yaani mara 20, inakatwa kwa sekunde 0.23. Ni vizuri. Lakini mzigo wa ampea 400 wakati umeme unaporudi utavumiliwa kwa sekunde 1 tu. Ukiipa mpindo mkali sana wenye kizidishi 1, hitilafu ileile ya ampea 4,000 inakatwa kwa sekunde 0.2, na mzigo wa kuanzia unapewa karibu sekunde 27. Friji zinapata nafasi ya kutulia na mtaa haurudi gizani.

Ungeweza kusema basi mpindo mkali sana uwekwe kila mahali. Tazama hitilafu iliyo mwisho wa laini, ambako urefu wa waya umepunguza mkondo hadi ampea 1,000, yaani mara 5. Mpindo wa kawaida unaikata kwa sekunde 0.43. Mkali sana unaiacha kwa sekunde 3.3. Sekunde tatu za mkondo mara tano ya seti kwenye waya mwembamba si jambo dogo, na kama kuna mtu au mnyama karibu na nguzo, si jambo dogo hata kidogo. Kwa laini fupi ya mjini yenye mzigo mwingi wa majumbani na fyuzi kwenye kila transfoma, mimi ningechagua mkali sana. Kwa laini ndefu inayopita vijijini, nisingethubutu.

Hayo ni ya rilei moja. Ugumu wa kweli uko kwenye kupangana kwa mbili. Tubaki na laini yetu ya ampea 200, mpindo wa kawaida, kizidishi 0.1. Nyuma yake iko breka kuu ya transfoma yenye seti ya ampea 400. Kwa hitilafu ya ampea 4,000 laini inakata kwa sekunde 0.23, na breka kuu inatakiwa ichelewe zaidi ya hapo kwa sekunde 0.4. Kwake yeye huo mkondo ni mara 10, kwa hiyo kizidishi chake kinakuja 0.21 na muda wake sekunde 0.63. Kwa hitilafu ya mbali ya ampea 1,000, laini inakata kwa 0.43 na breka kuu ingechukua sekunde 1.6. Pengo linapanuka mkondo unapopungua, na hapo ndipo uzuri wa mipindo ya aina moja ulipo: ukipanga vizuri kwenye mkondo mkubwa kabisa, kwingineko kote umeshapona.

Zile sekunde 0.4 hazikuokotwa. Breka yenyewe inahitaji muda wa kufungua kontakti na kuzima cheche. Kisahani, hata mkondo ukishakatwa, huendelea kuserereka kidogo kwa sababu ya kasi yake. Siti zina makosa yake, rilei ina yake, na juu ya hayo yote lazima ibaki akiba. Rilei za kompyuta hazina kisahani cha kuserereka na makosa yake ni madogo, ndiyo maana kwake wahandisi wengi hukubali sekunde 0.3.

Hapa ndipo namba zinapoharibiwa. Mtaa umekua. Viwanda vidogo vya kuchomelea vimeongezeka, nyumba za kupanga zimeongezeka, na laini inakatika kila jioni. Simu za wateja hazikomi. Fundi wa zamu anaambiwa afanye kitu, naye anakifanya kile kinachowezekana kwa bisibisi: anapandisha kizidishi kutoka 0.1 hadi 0.2. Malalamiko yanakoma usiku huohuo, na kila mtu anamshukuru. Lakini muda wa laini kwa hitilafu ya ampea 4,000 sasa ni sekunde 0.45, na breka kuu iko palepale kwenye 0.63. Pengo la 0.4 limebaki chini ya 0.2. Mzigo ukizidi kukua, seti yenyewe inapandishwa kutoka ampea 200 hadi 300, na pengo linabaki sekunde 0.1 hivi. Hakuna atakayegundua kwa miezi. Siku tawi litakapoangukia laini karibu na kituo, breka ya laini na breka kuu zitakata kwa pamoja, na laini zote za kituo zitazimika, pamoja na ile inayolisha hospitali. Taarifa kwa umma itasema kumetokea hitilafu.

Sikusudii kumlaumu fundi yule. Alipewa tatizo la mzigo, naye alikuwa na kifaa cha ulinzi tu mkononi. Laini iliyojaa inahitaji laini ya pili au waya mnene zaidi. Kuipandishia seti ni kuhamisha mzigo wa tatizo kutoka kwa wateja wa laini moja kwenda kwa wateja wa kituo kizima.

Upande wa pili wa ukuaji wetu ni laini ndefu. Umeme wa vijijini katika Tanzania, Kenya na Uganda unafika kwa laini za kilovolti 33 zinazotambaa makumi ya kilomita, nyingi zikiwa na waya mwembamba. Chukua laini ya kilomita 100 yenye kizuizi cha omu 0.7 kwa kilomita. Hata chanzo kingekuwa na nguvu isiyo na mwisho, shoti ya fezi zote tatu mwisho wa laini hiyo ingevuta ampea 272 tu, na ya fezi mbili ampea 236. Kama seti kituoni ni ampea 200, hiyo ya fezi mbili haifiki hata mara 1.2. Kwa mpindo wa kawaida na kizidishi 0.3 hesabu inatoa karibu sekunde 13, na kwa rilei ya kisahani hesabu hiyo haina maana kabisa, kwa kuwa kisahani kinaweza kisisogee mpaka mkondo ufike mara 1.3. Mpindo hauna kosa hapa. Umeombwa utofautishe mzigo na hitilafu mahali ambapo viwili hivyo vimekaribia kulingana. Dawa yake inajulikana: rikloza, yaani breka inayojirudisha yenyewe, katikati ya laini, yenye seti yake ndogo inayolingana na mzigo wa huko mbele tu, na rikloza nyingine zaidi huko mwisho ikibidi.

Rikloza nayo ina sharti lake, linalosahaulika. Inakata, inasubiri kidogo, inarudisha, kwa matumaini kwamba tawi limeshaanguka chini. Rilei ya kisahani iliyoko nyuma yake ilikuwa imeshaanza safari, na springi yake huchukua sekunde kadhaa kukirudisha kisahani mwanzo. Rikloza ikirudisha umeme kabla kisahani hakijafika nyumbani, hitilafu ya pili inakikuta katikati ya njia, ya tatu inakikuta mbele zaidi, na breka ya nyuma inakata ingawa kwenye karatasi ilikuwa na muda wa kutosha. Rilei za kompyuta zinaweza kuigiza urejeaji huo wa polepole au kuuacha. Anayepanga lazima ajue amechagua kipi.

Ile sehemu ya polepole ya mpindo, ambako mkondo umezidi seti kidogo tu, ina kazi nyingine inayostahili kutajwa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru nchini Kenya. KenGen, kampuni inayokiendesha kituo hicho, ilieleza kwamba transfoma ilikatwa, mitambo mingine ya kituo ikakatika kwa kuzidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme. Kukata kifaa chenye hitilafu na kuukinga mfumo usianguke ni kazi mbili tofauti. Kifaa kimoja kikitoka, vilivyobaki vinabeba mzigo wake, na sekunde chache ambazo ulinzi wa mzigo uliozidi unaruhusu ndizo sekunde ambazo mfumo wa kupunguza mzigo unapaswa kuzitumia. Muda huo ukitolewa na kusiwe na cha kufanyika ndani yake, unapotea bure.

Umeme wa jua unaleta jambo ambalo kisahani hakikuota. Jenereta inayozunguka hutoa mkondo mara nyingi ya kiwango chake inapopata shoti, na nadharia nzima ya muda wa kinyume imesimama juu ya ukweli huo. Inveta ya umeme wa jua haitoi. Elektroniki yake hujilinda kwa kuuwekea mkondo kikomo, mara nyingi kati ya mara 1.1 na 1.5 ya kiwango chake. Katika gridi ndogo ya kisiwani au kijijini inayoendeshwa na jua na betri peke yake, shoti na jioni yenye mzigo mwingi vinaweza kuonekana sawa mbele ya rilei ya mkondo. Huko inabidi kutazama volteji inavyoanguka pamoja na mkondo, na kuchagua fyuzi kwa mkondo ambao inveta inaweza kuutoa kweli, siyo kwa mazoea ya gridi ya taifa. Wanaonunua mitambo hii kwa ajili ya vijiji vyetu waulize hilo kabla ya kutia saini.

Linabaki jambo moja ambalo mpindo wowote hauliwezi. Waya wa kilovolti 11 uliokatika na kulala juu ya mchanga mkavu au lami unaweza kupitisha ampea chache tu kwenda ardhini. Rilei ya hitilafu ya ardhi iliyowekwa asilimia 20 ya siti ya ampea 200 inaanza kushtuka kwenye ampea 40. Kati ya chache na 40 kuna nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo waya uko hai, kituoni kila taa inaonyesha hali ni shwari, na hakuna breka itakayokata kwa sekunde 3 wala kwa saa 3. Ulinzi wa ardhi ulio mwepesi zaidi, unaoshtuka kwenye ampea chache, upo na husaidia, lakini hata huo hauoni kila waya ulioanguka.

Kwa mashirika ya umeme, ombi langu ni dogo kwa gharama: kila rilei iwe na karatasi ya seti yenye tarehe na jina la aliyepiga hesabu, na pasiwepo transfoma mpya, laini mpya wala kizidishi kilichosogezwa bila hesabu ya pengo kurudiwa mpaka kwenye breka ya nyuma. Kwako msomaji ambaye hutaingia kamwe kwenye kituo cha kupozea umeme: ukiuona waya chini, hata kama hautoi cheche, hata kama nyumba za jirani zina umeme kama kawaida, uhesabu kuwa uko hai. Kaa mbali, zuia watoto na mifugo, na piga simu ya dharura ya shirika lako.